Enzaimu imeshuka ila stoki haijafa: jinsi ya kujua bakteria wako wanalalamikia nini

Malalamiko yanayosikika sana hapa Dom (Dodoma) kwa watu wanaojaribu kutumia bakteria kutengeneza amilesi (enzaimu inayokata wanga) au protiesi (inayokata protini), awe mwanafunzi yupo kwenye projekti ya mwaka wa mwisho au jamaa ana kafementa kake ka lita 20 (tangi la kukuzia bakteria) anataka awauzie watu wa kusindika ngozi, ni yale yale: "stoki imekufa," yaani bakteria aliowahifadhi wamekufa. Ukimuuliza imekufa saa ngapi, kimya. Maana kapima mara moja tu asubuhi alipokuja kuvuna, akakuta enzaimu hamna, basi akahukumu. Sasa kwa kipimo kimoja cha mwisho hakuna anayeweza kukusaidia, hata aje profesa gani. Bakteria wakibanwa wanajibu, na kila aina ya kubanwa ina muda wake wa kujitokeza, kwaiyo ile saa mambo yalipoanza kwenda kombo inakupa nusu ya jibu kabla hujagusa chochote.

Alafu tuache kuongelea "stresi" kama ni kitu kimoja. Bacillus subtilis, huyu tunayemtumia wengi, jinomu yake ilisomwa yote mwaka 1997 na ina jini kama 4,100 hivi. Ndani yake kuna mifumo kadhaa ya dharura na kila mmoja una kinachouwasha. Upo wa jumla unaoongozwa na protini iitwayo sigma B, unawasha jini zaidi ya 150 kwa mpigo, na huo unaamka kwa joto, chumvi, pombe, asidi, hata nishati ikipungua tu. Kuna wa protini zilizojikunja vibaya ndani ya seli, kuna mwingine wa protini zilizokwama nje kidogo ya utando, kuna wa njaa, kuna wa DNA kuharibika. Ukitibu wa joto wakati tatizo ni njaa unapoteza media (chakula cha bakteria) bure.

KABLA HUJABADILI KITU

Rudia ile ile bechi, usibadilishe chochote, ila safari hii chukua sampuli kila baada ya masaa mawili. Pima OD (wingi wa seli kwa jinsi zinavyozuia mwanga), pH, oksijeni kama proba unayo, nguvu ya enzaimu, na weka tone moja kwenye slaidi uangalie kwa maikroskopu. Watu wanadharau slaidi sana ila ndio kipimo cha bei rahisi kuliko vyote na ndicho kinachosema ukweli. Kama huna spektrofotomita ya kusoma DNS (dawa inayobadilika rangi kwa sukari iliyokatwa na amilesi) kwenye nanomita 540, mimina agari yenye wanga, toboa vishimo, tia maji ya kalcha (bakteria wako pamoja na media yao) uliyozungusha kwenye sentrifuji ukaondoa seli, acha usiku mzima alafu mwagia ayodini. Duara jeupe linalobaki ndio amilesi yako, lipime kwa rula. Kwa protiesi tumia agari ya maziwa ya unga. Sio kipimo cha kuandikia jarida ila kinatosha kabisa kukuonyesha mkunjo umeenda vipi.

Na pima pande mbili, nje ya seli na ndani ya seli. Yaani ile mashapo ya seli usiitupe, ipasue kwa laisozaimu upime na yenyewe. Utaona kwa nini hapo chini.

OD INAPANDA SAFI, ENZAIMU HAMNA KABISA MASAA YA MWANZO

Hii mara nyingi sio stresi wala nini. Glukosi ikiwa nyingi, protini ya CcpA inazima jini ya amilesi ya Bacillus mwenyewe, na subtilisini (protiesi kuu ya Bacillus) kwa kawaida haitoki mpaka kalcha imalize kukua kwa kasi. Subiri. Kama umeweka sukari gramu 40 kwa lita mwanzoni kwa matumaini kwamba chakula kingi ni mazao mengi, punguza, anza na kidogo alafu uwe unaongeza taratibu. Tumalizane na hilo.

ENZAIMU INAANZA VIZURI, ALAFU INAGOMA KUPANDA WAKATI SELI BADO ZIPO HAI

Hapa ndipo penyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapotea, hasa wale walioweka jini yao kwenye plasmidi (duara dogo la DNA la kubebea jini) yenye kopi nyingi na promota (swichi ya jini) kali.

Enzaimu za kiwandani tunazotaka zitoke nje zinatengenezwa ndani, zinasukumwa na protini iitwayo SecA kupitia mlango wa SecYEG zikiwa bado hazijakunjwa, alafu zinakunjwa zikishafika upande wa pili, kati ya utando na ukuta wa seli. Ni kama daladala ya Nkuhungu saa moja asubuhi, kupanda wote mtapanda lakini mlango ni ule ule mmoja na konda ni yule yule. Konda mwenyewe hapa anaitwa PrsA, ni protini iliyoning'inia nje ya utando, kazi yake kusaidia protini zinazotoka zijikunje sawasawa. PrsA ikizidiwa, protini zinarundikana pale nje zikiwa zimejikunja ovyo, na seli inaliona hilo. Kihisio cha CssS kinashtuka, kinamwambia CssR, na CssR anawasha HtrA na HtrB, ambazo zinajaribu kuzinyoosha protini na zisizonyooka zinakatwa vipande. Mfumo huu ulielezwa mwaka 2001 kwa kutumia amilesi hii hii ya Bacillus amyloliquefaciens, kwaiyo sio nadharia ya mbali, ni kazi yetu kabisa.

Kwaiyo unachokiona wewe ni "enzaimu imegoma" ila kinachotokea ni kwamba seli inatengeneza na kukata yenyewe, umeme na sukari unalipa wewe.

Utajuaje ni hili na sio lingine? Angalia vile vipimo vya ndani na nje. Kama nje imesimama na ndani inaongezeka, kuna foleni mlangoni. Kama nje imesimama na ndani pia hamna kitu, basi uzalishaji wenyewe umezimwa au zinakatwa haraka, soma vipengele vya chini.

Cha kufanya, kwa mpangilio nnaoupenda mimi: kwanza shusha joto toka 37 mpaka 30 pale enzaimu inapoanza kutoka, watu wanaogopa kwamba ukuaji utapungua, ndio utapungua, na ndio tunachotaka, mkunjo upate muda. Pili, kalisi. Amilesi nyingi za Bacillus zinahitaji kalisi ili zijikunje na zibaki imara, weka kloridi ya kalisi milimola 1 mpaka 5. Ila hapa kuna mtego kwa sisi tunaotumia fosfati nyingi kama bafa, kalisi na fosfati zikikutana kwenye autoklevu (chungu cha mvuke wa kuua vijidudu) zinagandana, media inatoka na ukungu kama maji ya mchele, na kalisi yako yote imelala chini ya chupa. Pika kila kimoja peke yake uchanganye vikishapoa. Na mashudu ya alizeti, ambayo huku kwetu ni rahisi kupata na naitrojeni ipo ya kutosha, yana faiteti inayokamata kalisi, kwaiyo anayelishia mashudu asishangae kwamba kalisi ile ile inayomtosha mwenzake yeye haimtoshi.

Tatu, punguza nguvu ya promota au kopi za plasmidi. Najua inauma, mtu amehangaika kutafuta promota kali alafu unamwambia apunguze, ila protini inayotoka ikiwa nzima ni bora kuliko mara mbili yake inayokatwa mlangoni. Kwa wanaoweza kuchezea jini, kuongeza PrsA kumeshaonyeshwa toka miaka ya 1990 kwamba kunapandisha amilesi inayotoka mara kadhaa. Kubadilisha peptidi ya kuongozea (kipande cha mwanzo kinachoelekeza protini nje) nayo inasaidia, ila hiyo ni kubahatisha, lazima ujaribu nyingi, hakuna moja inayofaa enzaimu zote.

ILIPANDA VIZURI, ASUBUHI UNAKUTA IMESHUKA

Tofauti na hapo juu, hii ilishatoka nje ikapimika, alafu ikapotea. Mtuhumiwa wa kwanza ni protiesi za Bacillus mwenyewe. Kalcha ikiingia kwenye njaa anaziachia ili ale protini zilizopo nje, na yeye hajui kwamba ile amilesi ni ya mauzo.

Kipimo rahisi sana: chukua maji ya kalcha bila seli, gawa mafungu mawili, moja weka friji, lingine liache 37 masaa manne matano. Pima yote. Kama la 37 limeshuka sana wakati seli hazimo, zinaliwa. Unaweza kuongeza PMSF kwenye fungu la tatu kuthibitisha, maana subtilisini inazimwa nayo, vaa glavu hiyo kitu ni sumu. Usikimbilie EDTA kama unapima amilesi, EDTA inanyonya kalisi, amilesi inalegea yenyewe na wewe unabaki kulaumu protiesi.

Dawa ni kutumia mbegu (aina ya Bacillus) iliyotolewa protiesi, kama WB600 iliyokatwa jini sita za protiesi au WB800 iliyokatwa nane, au kama huna basi vuna mapema na poza haraka. Na usiiache kalcha ikafa njaa, lisha kidogo kidogo mpaka mwisho.

OD INASIMAMA MAPEMA, pH INASHUKA, HARUFU IMEBADILIKA

Oksijeni. Naomba tulijadili hili vizuri maana maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu walio usawa wa bahari, na sisi hatupo huko.

Dodoma ipo mita kama 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama kilopaskali 88 au 89, sio 101. Maana yake maji yaliyoshiba hewa kwenye nyuzi 37, ambayo usawa wa bahari yana oksijeni miligramu 6.7 hivi kwa lita, hapa yanabeba kama 5.8. Na proba yako ukiikalibreti kwa hewa ya hapa itakuandikia asilimia 100 bila aibu yoyote, ila 100 ya Dom sio 100 ya Dar. Kwaiyo mtu wa Dar akikwambia "usiruhusu ishuke chini ya 20" wewe jiwekee juu kidogo.

Oksijeni ikipungua, Bacillus hafi. Protini za ResD na ResE zinambadilishia gia, anaanza kutoa asetati, laktati, asetoini, butanidioli. pH inashuka, nishati inayopatikana kwa kila glukosi inakuwa ndogo, na kutoa protini nje kunahitaji nishati, kwaiyo enzaimu ndio inakuwa ya kwanza kuachwa.

Kwa wanaotumia chupa kwenye sheka (mashine ya kutikisa), jaza asilimia 10 mpaka 20 tu, yaani flaski ya mililita 250 weka 25 mpaka 50, sio 150 kama nilivyoona kwa watu. Pamba ya mdomoni isiwe imelowa, ikilowa hewa haipiti. Kwenye fementa ongeza kasi ya kukoroga kabla ya kuongeza hewa. Povu likija usimwage dawa ya povu kama unamwagilia mchicha, tone tone, maana dawa hiyo inapunguza sana oksijeni inayoingia kwenye maji, unatibu povu unaua kalcha. Kama povu ni la kupitiliza, jua kuna mbegu za Bacillus zinatoa safaktini (kama sabuni ya asili), hizo zinatoka povu hata ufanye nini, ile mbegu ya maabara iitwayo 168 haitoi kwa sababu jini yake ya sfp ni mbovu.

UMEME ULIKATIKA

Hii nimeitenga kwa sababu ni yetu sana. Kalcha nzito inakula oksijeni iliyomo ndani ya muda mfupi mno, sekunde kadhaa mpaka dakika. Kwa Bacillus tatizo sio kukosa hewa tu, utando ukipoteza chaji yake vile vimeng'enya vinavyokata ukuta wa seli wakati wa kukua vinakosa wa kuvizuia, seli zinaanza kujipasua. Ndio maana unarudi unakuta OD imeshuka, maji yamekuwa ya kuvutika kama mlenda ule wa majani makavu, hiyo ni DNA ya seli zilizopasuka. Amilesi ya nje unaweza ukaikuta bado ipo ila kuichuja sasa ni kazi, filta inaziba.

Umeme ukikatika dakika kidogo, endelea. Ukikatika muda mrefu na kalcha ilikuwa nzito, poza mara moja kwa barafu uvune kilichopo, usisubiri urudi. Kama bajeti ya jenereta hamna, nunua hata UPS ya kuendesha pampu ya hewa na koroga tu, hita iache, joto halitashuka kwa haraka hivyo.

KALCHA INACHELEWA KUANZA

Umepanda jioni, masaa manne bado OD haijatingishika, kesho yake ndio inakua. Angalia chumvi na sukari kwanza. Maji ya visima vya huku mengi yana chumvi na ni magumu, angalia birika la nyumbani linavyoota ukoko mweupe. Ukiongeza na chumvi za media yenyewe, na glukosi nyingi, seli iliyotoka kwenye media laini inaingia kwenye sehemu inayoinyonya maji. Inabidi kwanza ivute potasiamu, alafu itengeneze prolini, au kama kuna glisini betaini ya kuokota inaokota hiyo maana ni nafuu zaidi. Ndio sababu kijiko kidogo cha dondoo ya hamira kinafanya maajabu kwenye media ya chumvi, ndani yake kuna betaini.

Pima maji yako kwa kile kikalamu cha TDS (chumvi zilizoyeyuka) kabla ya kupika media, au tumia maji ya kuchemsha na kukinga mvuke. Na mbegu ya kuanzishia ikuze kwenye media inayofanana na ya kwenye fementa ili isishtuke.

JOTO

Oktoba na Novemba kabla mvua haijaanza, inkyubeta nyingi za bei nafuu hazina kupoza, zina hita tu. Chumba kikiwa 32 na mota ya sheka inatoa joto lake, ndani unakuta 40 na namba ya mbele imeandika 37. Weka kipimajoto ndani ya flaski ya maji, usiamini kioo. Protini zikianza kujikunja vibaya ndani ya seli zinawashughulisha GroEL (protini za kukunja wenzake) wote, na HrcA anayezuia jini za shoki ya joto anamhitaji GroEL huyo huyo ili afanye kazi, kwaiyo anaachia na seli inahamisha nguvu kwenye ukarabati. Suluhisho ni feni, dirisha, na kupanda kalcha usiku.

NDANI YA SELI KUNA VIDOTI VINANG'AA

Hizo ni spora, hali ya kulala inayovumilia njaa na joto. Kalcha imeona njaa imekuwa kweli, swichi ya Spo0A imewashwa, na seli imeamua kujifungia. Thibitisha kwa malakaiti ya kijani na safranini, spora zinabaki kijani seli zinakuwa nyekundu, au chemsha sampuli nyuzi 80 dakika 10 uipande, zitakazoota zilikuwa spora.

Usikimbilie kutafuta mbegu iliyokatwa Spo0A. Bila Spo0A, protini ya AbrB inabaki imeizuia jini ya subtilisini, kwaiyo umezuia spora na umezuia mazao. Viwandani huwa wanakata mbele zaidi, kama sigma F, spora hazitengenezwi ila amri ya kutoa protiesi inabaki. Kama huna uwezo huo, lisha vizuri na angalia manganizi, ikiwa nyingi inasaidia spora kutengenezwa.

WA E. COLI (BAKTERIA MWINGINE WA MAABARA)

Kwa kifupi: ukiona mkanda mnene kwenye jeli lakini nguvu ya enzaimu hamna, protini imeganda ndani kama mabonge. Shusha mpaka 18 au 25 kabla ya kuweka IPTG (kemikali ya kuwasha jini yako), na weka milimola 0.1 badala ya 1. Ukiona pH inashuka na ukuaji unagoma, ni asetati, glukosi inaingia haraka kuliko inavyochomwa.

UMEJARIBU YOTE NA BADO

Hapo sasa shuku kwamba unayemlisha sio wako. Vumbi la huku limejaa spora za Bacillus wa porini, na wakiingia kwenye chupa wanafanana na wako kwa macho, kwa harufu, hadi kwenye slaidi. Mlango wa kuingilia mara nyingi ni autoklevu. Zile za kama presha kuka zinazosoma mgandamizo tu, ukifika 15 psi kwenye geji hapa Dom ndani joto ni kama 119, sio 121, kwa sababu geji inahesabu juu ya hewa ya nje na hewa yetu ni nyepesi. Kufika 121 unahitaji kama 17 psi, angalia kwanza kibati cha chombo kama kinaruhusu, kisiporuhusu ongeza muda. Toa hewa yote ya ndani kabla ya kufunga valvu. Na mashudu au pumba loweka kwanza usiku, chekecha mabonge, maana katikati ya bonge kavu mvuke haufiki na spora zinatoka hai.

Kuhakikisha, tandaza kalcha kwenye agari mbili, moja ina antibayotiki ya plasmidi yako na nyingine haina. Idadi zikilingana, plasmidi ipo. Yenye antibayotiki ikiwa na koloni chache sana, ama ni mgeni ama wako ametupa plasmidi kwa sababu ulimbebesha mzigo, na hapo lile suala la promota kali linarudi. Kuwatofautisha, chukua koloni za ile agari isiyo na dawa ulinganishe na stoki ya gliseroli ya kwenye friza kwa kuzichora kwenye sahani moja, mgeni utamuona kwa umbo la kingo zake na mng'ao baada ya siku mbili. OD ikiwa imeporomoka ghafla ndani ya saa moja, hewa ipo, umeme upo, joto lipo sawa, fikiria faji, virusi wa bakteria: mwaga kwa kuchemsha kwanza, pakaa benchi klorini, na usirudie na mbegu ile ile wiki hiyo.